Amoksilini haina dozi moja

Katika maduka mengi ya dawa ya Afrika Mashariki, kapsuli za amoksilini hutolewa ndani ya bahasha ndogo ya karatasi ambayo juu yake pameandikwa kwa kalamu "1 x 3", na mara nyingi hapana kingine. Maandishi hayo yanamwambia mgonjwa ameze kapsuli moja kutwa mara tatu, lakini hayamwambii ni kwa siku ngapi, ni kwa ugonjwa gani, wala kama kapsuli yenyewe ni ya miligramu 250 au 500. Bahasha hiyo ikikaa kabatini mwezi mmoja, hakuna anayekumbuka ilitolewa kwa ajili ya nini, na mtu mwingine wa nyumba hiyo akiumwa koo hupewa kapsuli sita zilizobaki kwa hoja kwamba ni dawa ileile na ilimponya aliyetangulia.

Hoja hiyo ina mantiki kwa nje, na ndiyo maana ni vigumu kuing'oa. Ni kweli kwamba dawa ni ileile. Kinachobadilika ni dozi, kwa sababu amoksilini haina dozi moja inayomfaa kila mgonjwa. Kiasi cha kila mara, saa za kupishanisha na idadi ya siku huamuliwa na ugonjwa unaotibiwa, na uzito wa mgonjwa hasa akiwa mtoto, na uwezo wa figo zake. Mtu mzima mwenye nimonia isiyo kali anaweza kuandikiwa gramu 1 kila baada ya saa 8 kwa siku 5. Mwenye jipu la jino, baada ya jino kung'olewa au usaha kutolewa, anaweza kuandikiwa miligramu 500 kila baada ya saa 8 kwa siku 3 tu. Mwenye vidonda vya tumbo vinavyosababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori hupewa gramu 1 kutwa mara mbili, kwa kawaida kwa siku 14, tena pamoja na dawa nyingine ambazo bila hizo amoksilini peke yake haifui dafu. Wagonjwa hao watatu wakibadilishana bahasha, hakuna hata mmoja atakayekuwa ametibiwa ipasavyo, ingawa wote watasema walitumia amoksilini.

Namna inavyoua, na isichoweza kuua

Amoksilini ilitengenezwa na watafiti wa kampuni ya Beecham nchini Uingereza, ikaanza kutumika mwaka 1972. Imetoka katika ukoo wa penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, na inafanya kazi kwa njia ileile ya ukoo wake. Bakteria amezungukwa na ukuta mgumu unaomzuia asipasuke kwa shinikizo la ndani, na ukuta huo hujengwa upya kila anapokua na kugawanyika. Amoksilini hujishikiza kwenye protini zinazouunganisha, ujenzi hukwama, ukuta hudhoofika na bakteria hupasuka. Seli za binadamu hazina ukuta wa namna hiyo, na hapo ndipo ulipo msingi wa usalama wa dawa hii: inashambulia kitu ambacho sisi hatuna. Ndiyo sababu hutumiwa hata na watoto wachanga, wajawazito na wanaonyonyesha, pale inapohitajika na kwa kipimo sahihi.

Virusi navyo havina ukuta huo. Kwa hiyo mafua ya kawaida, homa ya mafua, UVIKO-19, vikohozi vingi vinavyoanza na makamasi, na sehemu kubwa ya maumivu ya koo havipungui hata kwa siku moja kwa sababu ya amoksilini. Anayeimeza siku ya tatu ya mafua na kupata nafuu siku ya tano huisifu dawa, ilhali mafua yalikuwa yakielekea kuisha yenyewe. Watu wengi, na hata baadhi ya watoa huduma, hutazama rangi ya makamasi au makohozi na kuamua kwamba yakigeuka njano au kijani basi ni bakteria. Rangi hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, nazo hupambana na virusi kama zinavyopambana na bakteria, kwa hiyo rangi peke yake haithibitishi chochote.

Vimelea vya malaria navyo haviguswi na amoksilini, na jambo hili lina uzito mkubwa katika ukanda wetu. Homa ya mtoto inayotibiwa kwa kapsuli zilizobaki, bila kipimo cha haraka cha malaria, inaweza kupoteza siku mbili ambazo mtoto huyo hakuwa nazo. Kisonono, ambacho zamani kilitibika kwa penisilini, leo kina usugu uliotapakaa duniani, na anayenunua amoksilini kwa siri ili asionekane kliniki hubaki na ugonjwa na kuendelea kumwambukiza mwenzake.

Hata miongoni mwa bakteria, wapo wanaozalisha kimeng'enya kinachoivunja amoksilini kabla haijafika kwenye ukuta. Ili kukizuia kimeng'enya hicho, watengenezaji waliichanganya amoksilini na asidi ya klavulaniki, mchanganyiko ambao wengi wanaujua kwa jina la biashara la Augmentin. Mchanganyiko huo si "amoksilini kali zaidi" ya kukimbilia kila mara ile ya kawaida inapoonekana kuchelewa: unalenga bakteria wenye kinga hiyo, na huharisha watu zaidi. Maambukizi ya njia ya mkojo ni mfano mzuri. Bakteria anayeyasababisha mara nyingi zaidi, Escherichia coli, ana usugu mkubwa kwa amoksilini katika nchi zetu, na kwa sababu hiyo kuinunua dukani kwa ajili ya mkojo unaochoma ni kubahatisha, hata kama anayekushauri alipona nayo miaka kumi iliyopita.

Kutwa mara tatu ni kila baada ya saa 8

Amoksilini hufyonzwa vizuri mgonjwa awe amekula au hajala, na hapo inatofautiana na ampisilini, ambayo hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Lakini haikai mwilini. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya dawa iliyomo kwenye damu huondoka ndani ya takriban saa 1, nusu ya iliyobaki huondoka saa inayofuata, na sehemu kubwa hutoka na mkojo ikiwa haijabadilika. Kinachoamua ushindi katika ukoo huu wa dawa ni muda ambao kiwango chake kwenye damu kinabaki juu ya kile kinachomshinda bakteria. Kumeza kapsuli tatu kwa pamoja jioni kwa sababu ya mchana na ya asubuhi zilisahaulika hakurudishi saa zilizopotea.

Kwa hiyo "kutwa mara tatu" maana yake ni kila baada ya saa 8: kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Wengi wetu huifungamanisha dawa na milo. Mtu humeza saa 2 asubuhi baada ya chai, saa 7 mchana baada ya chakula, na saa 1 usiku. Hapo dozi mbili za mwisho zimepishana saa 6, kisha usiku mzima wa saa 13 unapita bila dawa, na bakteria waliosalia wanapata nafasi ya kujenga upya. Si lazima kuamka usiku wa manane, ila inafaa dozi ya mwisho isogezwe hadi karibu na kulala na ya kwanza isogezwe hadi wakati wa kuamka. Ukisahau dozi moja, imeze mara unapokumbuka, isipokuwa kama wakati wa inayofuata umekaribia, ambapo utaiacha ile iliyopita na kuendelea na ratiba bila kuongeza kipimo.

Katika mwezi wa Ramadhani suala hili huwatatiza wengi. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye, na kwa mwenye nimonia ruhusa hiyo ndiyo ya kushika. Kwa maambukizi mepesi, daktari anaweza kuandika mpangilio wa mara mbili kwa siku wenye kipimo kikubwa zaidi kila mara, ukaangukia futari na daku. Anayepaswa kubadilisha mpangilio huo ni daktari, kwa sababu kuruka tu dozi ya mchana na kubaki na mbili ndogo ni kupunguza tiba kwa theluthi.

Chupa ya mtoto

Hakuna mahali ambapo makosa ya dozi ni mengi kama kwenye dawa ya maji ya watoto, na mengi ya makosa hayo hayatokani na uzembe wa mzazi. Chukua mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 10 ambaye amegundulika kuwa na nimonia inayoweza kutibiwa nyumbani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa watoto wa miezi 2 hadi miaka 5 unaagiza kipimo cha juu cha amoksilini kutwa mara mbili: kwa mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 10, kidonge kimoja cha miligramu 250 kila mara, kwa kilo 10 hadi chini ya 14, vidonge viwili, kwa kilo 14 hadi 19, vidonge vitatu. Mtoto wetu basi anahitaji miligramu 500 asubuhi na 500 jioni, yaani 1,000 kwa siku na 5,000 kwa siku 5.

Sasa tazama chupa. Dawa ya maji inayopatikana kwa wingi ina miligramu 125 katika kila mililita 5, na chupa ya mililita 100 kwa hiyo ina miligramu 2,500 tu, nusu ya mahitaji ya mtoto huyo. Mama akiambiwa "kijiko kimoja kutwa mara tatu", mtoto atapata miligramu 375 kwa siku, ambazo ni zaidi kidogo tu ya theluthi ya kinachotakiwa. Chupa itadumu karibu siku 7, itaisha, na mama atasema kwa dhati kabisa kwamba alimaliza dozi. Nimonia isipopona, lawama itaenda kwa dawa, au kwa mama, wakati kosa lilikuwa kwenye hesabu ambayo hakuna aliyemfanyia. Ipo pia chupa yenye miligramu 250 kwa kila mililita 5, na kwa macho zinaweza kufanana mno. Kabla ya kuondoka dukani, soma namba hiyo kwenye lebo, mtaje mtoto kwa kilo badala ya umri, na uombe mtoa dawa akuandikie ni mililita ngapi kila mara na chupa ngapi zitahitajika.

WHO na UNICEF wanapendelea vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyuka kwenye maji, na mimi naona kwamba mzazi mwenye nafasi ya kuchagua achague hivyo. Vinahesabika, havihitaji friji, na huyeyushwa katika maji safi kidogo, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, wakati uleule wa kumpa mtoto. Dawa ya maji, kwa upande wake, huuzwa ikiwa unga, na namna inavyochanganywa huamua nguvu yake. Chupa hutikiswa kwanza ili unga uliogandamana uachane, ikatiwa maji yaliyochemshwa na kupoa hadi chini kidogo ya alama, ikatikiswa tena, povu likaachwa litulie, ndipo maji yakaongezwa hadi kwenye alama yenyewe. Maji yakizidi, kila kijiko kinakuwa dhaifu. Yakipungua, kila kijiko kinakuwa kikali kupita kiasi. Baada ya kuchanganywa, dawa hiyo ina maisha mafupi: kwa nyingi ni siku 7, na baadhi hufika siku 14 zikihifadhiwa kwenye friji, kama lebo inavyoeleza. Kila mara kabla ya kupima, itikise, kwa sababu dawa hutuama chini, na mtoto anayepewa bila kutikiswa hunywa maji matamu siku za mwanzo na dawa nzito siku za mwisho. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, kwa hiyo tumia kikombe au kijiko cha kupimia kilichokuja na dawa, au bomba la sindano lisilo na sindano.

"Maliza dozi" ina maana gani?

Wito wa kumaliza dozi umerudiwa kwa miongo mingi, na chimbuko lake linaeleweka. Desemba 1945, Fleming alipokuwa akitoa mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel mjini Stockholm, alionya kwamba siku itakuja ambapo penisilini itanunuliwa na yeyote dukani, na mtu asiyejua atajipa kiasi kidogo kisichotosha kuua vijidudu bali kinachotosha kuvifundisha kuistahimili dawa. Alitoa mfano wa mume anayejitibu koo kwa kipimo pungufu, kisha akamwambukiza mke wake vijidudu vilivyokwisha kuwa sugu, mke akapata nimonia na kufa kwa sababu penisilini haikumfaa tena. Mtu anayeingia dukani na kusema "nipe za elfu moja", akitaja fedha aliyonayo badala ya ugonjwa alio nao, yumo ndani ya onyo hilo, ingawa si haki kumhukumu bila kuuhesabu umaskini uliompeleka hapo.

Hata hivyo, utafiti wa miaka ya karibuni umeongeza upande wa pili wa jambo hili, na si mkanganyiko bali ni ukamilisho. Usugu haujengeki tu kwa yule bakteria mmoja anayetibiwa. Ndani ya matumbo yetu, kooni na kwenye ngozi wamo bakteria wengi mno wasio na madhara, na kila kapsuli inayomezwa huwapitia wote: walio dhaifu hufa, wenye uwezo wa kuistahimili hubaki na kuzaana, na wanaweza kuwarithisha uwezo huo bakteria wa magonjwa. Kila siku ya ziada isiyo na faida kwa ugonjwa ina gharama. Kwa hiyo swali la wanasayansi limekuwa ni siku ngapi zinatosha, na kwa magonjwa kadhaa jibu limekuwa ni chache kuliko tulivyozoea. Huko Lilongwe, Malawi, watafiti walilinganisha siku 3 na siku 5 za amoksilini kwa watoto wapatao 3,000 wasio na VVU waliokuwa na nimonia yenye kubonyea kwa kifua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba tiba ilishindwa kwa asilimia 5.9 ya waliopewa siku 3 na asilimia 5.2 ya waliopewa siku 5, tofauti ndogo kiasi kwamba siku 3 zilihesabiwa kuwa hazipitwi.

Asije mtu akachukua matokeo hayo na kuyapeleka kwenye koo la mwanawe wa miaka tisa. Maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria wa kundi A la streptokoko yanaweza, wiki chache baada ya koo kupona, kuzaa homa ya baridi yabisi, na homa hiyo huharibu vali za moyo. Vijana wanaosubiri upasuaji wa moyo kwa sababu hiyo wapo katika hospitali za rufaa za nchi zetu, na ugonjwa huu ni wa kawaida zaidi kwetu kuliko Ulaya. Ndiyo maana, mahali ambapo homa hiyo bado ipo, koo la namna hiyo hutibiwa kwa siku 10 kamili hata kama mtoto amecheza mpira siku ya tatu. Daktari analenga kuwaondoa bakteria wote kooni. Maumivu kuisha ni jambo la pembeni.

Basi kumaliza dozi ni kumaliza siku zilizoandikwa kwa ugonjwa uliopimwa na mgonjwa aliyepimwa. Ukijisikia umepona mapema na unadhani zilizobaki hazina kazi, rudi au piga simu kwa aliyekuandikia umuulize, kwa kuwa wakati mwingine atakubali na wakati mwingine atakueleza kwa nini hapana. Usiache kwa uamuzi wako ili uweke akiba.

Mzio, na vile vinavyodhaniwa kuwa mzio

Hatari kubwa zaidi ya amoksilini kwa mtu mmoja mmoja ni mzio mkali. Hutokea kwa wachache, lakini unapotokea huenda kasi, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa moja baada ya kumeza: mwili huwasha na kutoka vipele vilivyovimba, midomo, ulimi au uso huvimba, pumzi hubana, mgonjwa huishiwa nguvu au kuzirai. Hali hiyo inahitaji sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja na hospitali papo hapo. Vidonge vya kuzuia mwasho kama Piriton havitoshi, na kumlaza mgonjwa nyumbani ili kuangalia kama itapungua ni kucheza na maisha yake.

Aliyepata hali hiyo hapaswi kuguswa tena na dawa yoyote ya ukoo wa penisilini, na ugumu ni kwamba ukoo huo una majina mengi yasiyofanana. Ampiclox ni wa ukoo huo, pamoja na Augmentin, ampisilini, kloksasilini na flukloksasilini, na sindano zinazojulikana kama X-pen, PPF na Penadur. Mtu anayesema "mimi sipatani na amoksilini" kisha akakubali Ampiclox kwa sababu jina ni tofauti, amejirudisha palepale. Aandikwe kwenye kadi yake ya kliniki jina la dawa, mwaka, na kilichotokea, na awatajie pia watoa huduma kabla ya kupewa dawa za jamii ya karibu kama kefaleksini au seftriaksoni.

Kwa upande mwingine, wengi wanaoamini kwamba wana mzio hawana. Katika nchi za Magharibi, ambako jambo hili limechunguzwa sana, takriban mtu 1 kati ya 10 husema ana mzio wa penisilini, na wanapopimwa zaidi ya 9 kati ya 10 wao huonekana hawana. Kuharisha kidogo na kichefuchefu ni madhara ya kawaida ya dawa, si mzio. Vipele vyekundu bapa vinavyotoka siku ya nne au ya tano kwa mtoto mwenye virusi mara nyingi hutokana na virusi vyenyewe, au na namna virusi vinavyokutana na dawa, kama inavyotokea sana kwa wenye virusi vya Epstein-Barr. Vipele vikitoka, mwone mhudumu wa afya kabla ya dozi inayofuata ili atofautishe. Inafaa kujua tofauti hii kwa sababu anayebandikwa alama ya mzio bila sababu atapewa maisha yake yote dawa za gharama zaidi na zenye kuchochea usugu zaidi, zile ambazo WHO imezitenga zitumike kwa uangalifu. Amoksilini yenyewe imo kwenye kundi la kwanza katika mgawanyo huo wa WHO, la dawa zinazopaswa kuwa karibu na kila mgonjwa, na mwaka 2024 mataifa yalikubaliana katika Umoja wa Mataifa kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zitakazotumiwa na binadamu ziwe za kundi hilo.

Madhara mengine nitayataja kwa ufupi. Kuharisha kunakoambatana na damu, au kukali na kwa muda mrefu hata wiki kadhaa baada ya dawa kuisha, ni sababu ya kwenda hospitali bila kujitibu. Utando mweupe mdomoni au fangasi ukeni hutokea kwa sababu bakteria wa kawaida wamepungua. Mwenye ugonjwa wa figo aseme mapema, kwa kuwa huenda akahitaji kipimo kidogo au saa ndefu zaidi za kupishanisha. Aseme mapema pia anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, methotreksati au dawa ya jongo aina ya alopurinoli. Pombe haiingiliani na amoksilini kama inavyotajwa kwa Flagyl, na hili nalisema kwa sababu wapo wanaoruka dozi za Jumamosi na Jumapili ili wanywe, wakijidhuru kwa kuruka dawa kuliko kwa bia yenyewe. Vidonge vya uzazi wa mpango havipunguzwi nguvu na amoksilini, ila mtu akitapika au kuharisha sana, vidonge hivyo huenda visifyonzwe, na kinga nyingine itahitajika.

Pa kuinunua, na cha kufanya na inayobaki

Kisheria amoksilini ni dawa ya cheti cha daktari nchini Tanzania na Kenya. Katika maisha halisi, kwa wanakijiji wengi duka la dawa ndilo kituo cha kwanza cha afya. Tanzania ilitambua hivyo ilipoanzisha mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, ambapo watoa dawa waliofunzwa wanaruhusiwa kuuza baadhi ya antibiotiki, amoksilini ikiwamo. Mimi siamini kwamba kuwafungia wananchi mlango huo kungeokoa maisha. Kinachookoa ni duka lenye kibali, mtu aliyefunzwa nyuma ya kaunta, na mgonjwa anayejua kuuliza dawa hii ni ya ugonjwa gani, kwa siku ngapi, na dalili gani zitanirudisha. WHO inakadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni bandia au haina ubora, na antibiotiki ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana. Zinazouzwa kwenye mabasi au magulioni, zilizoanikwa juani, hata kama zilikuwa halali zilipotoka kiwandani, huenda zimeharibiwa na joto na unyevu.

Kapsuli zinazobaki baada ya tiba zirudishwe famasia au kituo cha afya ziteketezwe inavyotakiwa. Zisimwagwe chooni, zisipewe kuku wanaopiga chafya, na zisifunguliwe ili unga wake unyunyizwe kwenye kidonda. Desturi hii ya mwisho imeenea sana na haina faida: unga huo hauui ipasavyo bakteria wa kidonda, unaweza kuamsha mzio wa ngozi, na hufundisha usugu mahali ambapo maji safi, sabuni na kitambaa kisafi vingetosha, au ambapo kidonda kilihitaji kushonwa.

Mgonjwa aliyeandikiwa amoksilini kwa usahihi kwa kawaida huanza kuona nafuu ndani ya siku 2 hadi 3. Isipotokea, kuongeza kipimo au kubadili dawa dukani si jibu. Inawezekana bakteria ni sugu, au ugonjwa si wa bakteria, au kuna usaha uliojificha unaohitaji kutolewa. Kwa mtoto mdogo usingoje hata siku hizo ukiona anapumua kwa kasi zaidi ya alivyoanza. Mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: mara 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na mara 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni pumzi za kasi. Mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa ikiwa ni pamoja na dawa yenyewe, anayepata degedege, au anayelegea na kuwa mgumu kuamshwa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na chupa au bahasha ya dawa aliyokuwa akipewa ichukuliwe pamoja naye ili wahudumu waone alipewa nini na kwa kiasi gani.